Je, Wajua? Amana Iliyofichwa Topeni, Uvira
Je, wajua kwamba tope la mwambao wa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, huhifadhi amana ambayo hakuna aliyeiweka kwa kusudi? Mito ya Mulongwe na Kalimabenge, ishukayo kwa kasi kutoka milima ya Mitumba, pamoja na Ruzizi iletayo maji ya Ziwa Kivu, huingia Tanganyika imebeba udongo laini ambao, ukiutwaa kiganjani na kuusugua kwa vidole, huteleza mithili ya sabuni. Na chembe zake, kwa udogo wake, hunasa risasi, zinki na zebaki kuliko mchanga.

Metali hizi haziozi. Risasi iliyotiwa zamani katika petroli, ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzo wa 2006, haikutoweka kwa kuachwa huko: iliyooshwa na mvua barabarani ilitua chini ya maji, na betri zitupwazo mitaroni huiongezea.

Ziwa lenyewe, lenye kina cha mita 1,470, lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga huko Kalemie, hata maji yake huchukua karne kadhaa kubadilika. Zebaki ndiyo initiayo hofu zaidi, maana bakteria wa topeni huigeuza sumu ipandayo daraja kwa daraja, kutoka viumbe vidogo vya majini hadi samaki wadogo waitwao ndagala, kutoka ndagala hadi samaki aitwaye mukeke, na kutoka mukeke hadi sahani ya mtoto.