UNAKWENDA BICHI? ANGALIA MWEZI KWANZA!

JUMAPILI ikifika na jua likiwaka, nusu ya vijana wa Dar wanawaza kitu kimoja tu: bichi. Mwenye nacho na asiye nacho, wote mguu na njia. Swali langu kwako msomaji: unajua kwamba bahari nayo ina ratiba yake, na haimsubiri mtu?

Mimi nilikuwa sijui. Sikukuu moja tuliibuka Coco na washikaji asubuhi, maji yamekupwa. Tukatembea juu ya miamba hadi mbali, stori zimenoga. Kwenye saa 6 hivi tunageuka nyuma, lo! Maji yameshatuzunguka. Mwenzetu mmoja, bingwa wa mbwembwe mtaani, akajirusha eti anaogelea. Alipiga mikono mara tatu, ya nne akaanza kunywa chumvi. Aliyemtoa ni kijana anayekodisha mipira ya matairi, yule yule tuliyemcheka dakika chache nyuma kwamba nani mtu mzima wa kuelea na mpira. Tangu siku hiyo jamaa mpole kama maji ya mtungi.

Wavuvi wanalijua hili tangu utoto. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ni bamvua: maji yanakwenda mbali sana na yanarudi kwa kishindo, tofauti inapita mita 3. Siku hizo hapa Dar maji hukupwa kwenye saa 4 asubuhi na kujaa kwenye saa 10 jioni. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, bahari haina haraka. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele karibu dakika 50. Kwa hiyo kabla ya kuchagua kaptula, tazama juu usiku!

Na ukivutwa na mkondo, usishindane nao kurudi nchi kavu, utachoka bure. Ogelea kuufuata ufukwe, ukishatoka kwenye mkondo ndiyo urudi. Kama hujui kuogelea, maji yaishie kiunoni. Hakuna aibu hapo.

Sasa twende wapi? Coco ndiyo bichi ya wote. Hulipi mlangoni, unapunga upepo, unakula mihogo ya kukaanga yenye pilipili na mishikaki, dafu juu yake. Ubaya wake ni miamba, hivyo viatu vya mpira si ushamba.

Ukitaka mchanga mweupe, vuka Magogoni na pantoni uende Kigamboni, au pita juu ya daraja lililofunguliwa mwaka 2016. Kule bichi nyingi ni za hoteli, uliza kiingilio kwanza usije ukaumbuka mbele ya mtoto wa watu.

Wenye mfuko mzito kidogo wachukue boti Kunduchi hadi kisiwa cha Mbudya, au Msasani hadi Bongoyo. Visiwa hivyo ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975, kwa hiyo juu ya nauli kuna ada. Samaki wa kukaanga na chipsi utavikuta huko huko. Uliza boti ya mwisho inarudi saa ngapi, na usipande kama haina jaketi la kuokolea. Wakati wa kusi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo ni mkali na boti zinarushwa kama chapati.

Mwisho, kitu kinachoniuma. Konda akiita "Africana!" kwenye Barabara ya Bagamoyo, wengi tunashuka tu. Africana ilikuwa hoteli ya kitalii pale Kunduchi, watu walicheza dansi hapo. Bahari ikala mchanga, ikafika ukutani, ikaimaliza. Wataalamu walilaumu pia mchanga uliochimbwa mitoni kwa ajili ya kujengea nyumba, maana mto ndio unaoleta mchanga ufukweni. Sisi tunataka nyumba ya tofali na bichi hapo hapo.

Basi Jumapili hii nenda ukajivinjari, chupa yako rudi nayo, na ukimwona yule kijana wa mipira, usimcheke. Kodi mmoja.