Shule za Umma za Kirumba na Ilemela

Mji wa Mwanza umejengwa kando ya ziwa kubwa la Victoria, ambalo wenyeji wake waliliita Nyanza tangu zamani. Kaskazini ya katikati ya mji, katika njia iendayo uwanja wa ndege, ndipo palipo Kirumba. Nyumba zake zimepanda vilima vya mawe, na chini, ukingoni mwa maji, pana soko la samaki liitwalo Mwaloni, ambapo magunia ya dagaa hupakiwa kwenda mbali, hata nchi ya Kongo. Wakaao Kirumba si kabila moja. Wako Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wahaya, Wazinza na wengine wengi. Na watoto wao hukutana katika shule, wakakaa dawati moja na kujifunza kwa lugha moja ya Kiswahili.

Watu wengi hudhani kwamba kila shule hujitegemea, kama duka lenye mwenyewe. Sivyo. Shule ya umma ni kiungo cha mwili mkubwa, nacho hakiwezi kwenda peke yake. Kirumba ni kata moja katika Manispaa ya Ilemela, ambayo ilitengwa na Jiji la Mwanza mwaka 2012. Manispaa ndiyo iangaliayo majengo, huwapanga walimu, na kuwaweka maofisa wa elimu, mmoja katika kila kata, wapate kuzizungukia shule. Juu ya Manispaa iko ofisi ya Serikali inayosimamia mikoa na serikali za mitaa, ambayo watu huiita TAMISEMI.

Lakini Manispaa haina ruhusa ya kuamua mtoto afundishwe nini. Jambo hilo ni la Wizara ya Elimu, ambayo chini yake Taasisi ya Elimu hutunga mitaala, na Baraza la Mitihani, lililoundwa mwaka 1973, hutunga mitihani. Basi mwalimu ana mabwana wawili: mmoja humpa chumba na chaki, na mwingine humwambia la kufundisha. Mara nyingi mabwana hawa hupatana. Lakini likitoka agizo la somo jipya kabla vitabu na vyumba havijawa tayari, mwalimu ndiye aonaye taabu, na wanafunzi wake pamoja naye.

Njia ya mtoto huanza katika darasa la awali, kwa mwaka mmoja, kisha huingia darasa la kwanza. Akifika la nne hupimwa kwa mtihani wa nchi nzima. Na kwa utaratibu wa miaka mingi, mtihani mkubwa wa shule ya msingi umekuwa ule wa darasa la saba. Afauluye huchaguliwa kwenda sekondari. Huko hupimwa tena kidato cha pili na cha nne, na wachache huendelea mpaka cha sita.

Hapo penye kuvuka kutoka msingi kwenda sekondari pana kijito chenye maji mengi, nacho ni lugha. Katika shule nyingi za msingi za umma masomo hufundishwa kwa Kiswahili, isipokuwa somo la Kiingereza lenyewe. Katika sekondari mambo hugeuka: hesabu, elimu ya viumbe na mengineyo, vyote huwa kwa Kiingereza, isipokuwa Kiswahili na masomo machache. Mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani pengine hunyamaza miezi mingi, wala si kwa upumbavu. Analijua jibu, ila hana maneno ya kulisemea. Wazazi wenye fedha huwapeleka watoto wao mapema katika shule za watu binafsi zifundishazo kwa Kiingereza. Mzazi abebaye mizigo Mwaloni hawezi. Wako wasemao Kiswahili kitumike mpaka juu, na wako wakataao, na ubishi huo haujesha.

Sasa habari ya fedha. Ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 2001, na madarasa yakajaa mara. Tangu Januari 2016 ada iliondolewa pia katika sekondari za umma mpaka kidato cha nne. Kabla ya hapo mwanafunzi wa kutwa alitozwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Mwaka 2022 Serikali ilitangaza kuiondoa katika kidato cha tano na cha sita pia. Badala ya ada, Serikali hupeleka ruzuku. Katika mpango huo ilihesabiwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa msingi, na katika hizo 4,000 ziliwekwa kwa ajili ya vitabu. Hata hivyo elimu bila ada si elimu bila gharama. Sare, madaftari, viatu, na chakula cha mchana vinabaki juu ya mzazi, na tumbo lenye njaa halisikii hesabu.

Hapo ndipo ziwa linaposhindana na shule. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, wakati wa giza la mwezi. Asubuhi mashua zinapofika pana kazi nyingi: kuanika, kufungasha, kubeba, kuuza mifuko na chai. Mtoto wa miaka kumi na miwili akienda huko anaweza kurudi na fedha mkononi siku ile ile, na shule haimpi kitu mpaka miaka mingi ipite. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na sheria ya elimu humshtaki mzazi amwachishaye mwanawe masomo. Lakini mtoto aliyekwisha kuzoea kushika fedha ni vigumu kumrudisha kwa sheria tu. Kwa ajili ya waliokosa shule au walioiacha iko njia ya MEMKWA, ambayo huwafundisha masomo ya msingi kwa muda mfupi zaidi, wapate kuwafikia wenzao. Na tangu Novemba 2021 msichana aliyeacha shule kwa sababu ya uja uzito anaruhusiwa kurudi darasani baada ya kujifungua.

Mbele ya mwanafunzi wa Kirumba ziko njia nyingi kuliko zile ambazo babu zake walizijua. Mwaka 1883, wakati mapadre wa Shirika la White Fathers walipofungua misheni Bukumbi, kusini ya Mwanza, kusoma kulikuwa jambo la misheni. Na kwa miaka mingi misheni zilishika sehemu kubwa ya kazi hiyo, mpaka sheria ya mwaka 1969 ilipoziweka shule zao chini ya Serikali. Leo, si mbali na Kirumba, ziko sekondari mbili za Bwiru, moja ya wavulana, ambayo hufundisha na ufundi, na moja ya wasichana. Pasiansi kuna chuo cha askari wa wanyamapori, kilichoanza mwaka 1966. Nyakato kuna chuo cha ufundi cha VETA. Ukivuka mpaka kuingia Nyamagana, Nyegezi hufundishwa uvuvi, na Butimba hufundishwa walimu, pamoja na muziki na sanaa. Mtoto asiyeona naye ana mahali pake: shule ya Mitindo, wilaya ya Misungwi, hupokea watoto kama yeye.

Sera ya elimu, kwa toleo la mwaka 2023, imebadili urefu wa njia hiyo yote. Elimu ya lazima imekuwa miaka kumi, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari, na masomo ya kazi za mikono yameingizwa kwa nguvu zaidi. Mitaala mipya ilianza Januari 2024. Waliokuwa darasa la tatu mwaka huo wamepangiwa kumaliza shule ya msingi katika darasa la sita, mwaka 2027. Na wenzao waliowatangulia kwa mwaka mmoja watamaliza la saba mwaka huo huo. Maana yake ni kwamba makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028, nayo yatahitaji vyumba, madawati na walimu wa makundi mawili. Na katika vilima vya Kirumba, ambako nyumba zimebanana na mawe, hata kiwanja cha kujengea chumba kimoja si rahisi kupatikana.