Kabla ya kupeleka taa Kakuma, uliza joto la huko

Sisi wa Pwani hulia joto, lakini Lodwar ni habari nyingine: mchana hufika nyuzi 35 karibu mwaka mzima. Taa ya LED iliyosifiwa kwenye duka lenye kiyoyozi Mombasa yaweza kufifia mapema ikifungwa kibandani Kakuma, chini ya mabati. Na mwenye kibanda hana pesa ya kununua taa mara mbili.

Adui wa LED ni joto lake yenyewe. Sehemu kubwa ya umeme inaoula hugeuka joto, na wa kulitoa ni kile kipande cha alumini chenye mapezi mgongoni. Siku hizi fundi hukijaribu kwenye kompyuta kabla hakijachongwa. Ila programu humjibu kwa alichoiambia, na mara nyingi hewa huachwa kwenye nyuzi 20 au 25.

Tuseme taa inatoa wati 12 za joto, na kila wati inaipandisha LED nyuzi 3 juu ya hewa. Hewa ikiwa 25, LED inafika 61. Chini ya bati, hewa ikiwa 45, inafika 81. Taa ni ile ile.

Basi fundi aandike joto la kweli, asiweke upepo usiokuwepo, na mapezi yasimame wima ili hewa moto ipande. Asisahau vumbi. Kisha awashe taa moja saa kadhaa, aipime kwa kipimajoto, alinganishe na kompyuta.