Akili ao udanganyifu? Namna michezo ya maneno ku televizioni inajilinda

Kila mara masomo mbili zinaposhindana katika génies en herbe, sauti inatoka nyuma ya chumba: « Huyu wamemupa majibu! » Pengine ni kweli. Pengine ni hasira ya kushindwa tu. Lakini mtoto aliyeshitakiwa hivyo anarudi nyumbani na jina la mwizi, hata kama alisoma usiku kucha.

Ku televizioni mambo ni yale yale, tena kwa pesa nyingi. Wenye michezo hiyo wanafanya namna gani?

Karatasi ndiyo inajibu

Wengi wetu tunajua « Des chiffres et des lettres » ya Ufaransa. Ilianza mwaka 1965 kwa jina la « Le mot le plus long ». Waingereza waliichukua wakatengeneza « Countdown », inayoonekana tangu mwaka 1982. Wachezaji wawili wanapewa herufi 9 zile zile na sekunde 30. Kila mmoja anatafuta neno refu zaidi.

Mdanganyifu angefanya nini hapo? Angengoja mwenzake ataje neno, kisha aseme: « Na mimi nilikuwa nalo. » Njo maana kila mmoja anaandika neno lake, halafu anatangaza kwanza hesabu ya herufi. Asiyewahi kuandika anasema wazi, na neno lake linatajwa la kwanza. Wakiwa na neno moja, wanaonyeshana karatasi. Kwa hiyo hakuna haja ya kugombana.

Kubahatisha si kuiba

Mwaka 2014, katika « Wheel of Fortune » ya Marekani, mchezaji mmoja alipaswa kutambua maneno matatu yaliyofichwa. Kati ya herufi 10 zilizojaribiwa, zilionekana 2 tu: N na E. Akasema mara moja: « New baby buggy », ndiyo kusema gari mpya ya kusukumia mtoto. Akashinda dola 45.000, na watu wakaanza kushuku.

Lakini tufikiri kidogo. Alijua urefu wa kila neno. Alijua pia kama herufi 8 hazimo, na hiyo peke yake inaondoa maneno mengi sana. Kushangaza watu si ushahidi.

Wakati ilikuwa kweli

Mwaka 1958, palepale Marekani, kulikuwa mchezo wa maswali ulioitwa « Dotto ». Mtu aliyekuwa akingoja zamu yake nyuma ya studio aliokota daftari la mchezaji mwingine. Ndani mlikuwa majibu. Mchezo ukafungwa mwaka ule ule, na mwaka 1960 sheria ikakataza kupanga matokeo ya mashindano kama hayo. Tuangalie vizuri: majibu yalitoka kwa watengenezaji wenyewe.

Mbele ya kupiga kelele

Basi, siku tutakaposhuku mtu, tujiulize: kuna daftari, ao kuna wivu tu? Nani alitunza maswali, na nani aliyaona mbele ya siku? Wenye kupanga mashindano, mufunge maswali ku bahasha, muifungue mbele ya wote, na majibu yaandikwe. Hapo mshindi atabeba zawadi yake bila kuinamisha kichwa, na aliyeshindwa ataenda kujifunza tena.