Milia ya Samaki Wasiokuwa Ndugu

Katika soko la Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, mahali palipokuwa gereza zamani, zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe, samaki wa Ziwa Malawi hufika akiwa amekwisha kukauka. Naye aghalabu ni usipa, ambaye watu waliotoka Uvira na Baraka, kule Kongo, humpima papo hapo kwa dagaa wao wa Ziwa Tanganyika na, kwa desturi ya kila mtu na ziwa la kwao, humtoa kasoro. Lakini yuko samaki mwingine wa maji hayohayo ambaye hawamwoni sokoni, kwa kuwa ni mdogo na hana nyama ya kumfaidisha mvuvi. Nao wangemwona, wangeapa kuwa wanamfahamu tangu utotoni. Huyo ni mmoja wa mbuna, samaki wa miambani, ambaye wataalamu humwita Melanochromis auratus.

Urefu wake ni kiasi cha sentimita 10. Jike ana rangi ya manjano iliyoiva, iliyokatwa na milia myeusi yenye kingo nyeupe, itokayo kichwani ikafika mkiani, na mlia mwingine umelala juu ya pezi la mgongo. Watoto nao huzaliwa na vazi hilohilo. Dume, akishajipatia milki yake, hugeuka mwili mzima: palipokuwa na manjano pakawa peusi, na palipokuwa peusi pakang'aa, kana kwamba amevaa kanzu nje ndani.

Maskani yake ni majabali ya kusini ya ziwa, pamoja na yale ya Cape Maclear, ambako hifadhi ya taifa iliwekwa mwaka 1980 na kutiwa katika urithi wa dunia mwaka 1984. Hapo hudonoa mwani mwembamba uliofunika mawe, pamoja na vidudu vilivyojificha ndani yake, wala hapendi kuvuka mchanga ulio wazi. Na kwa sababu ya woga huo wa mbuna, kisiwa kimoja chaweza kuwa na samaki wa rangi isiyopatikana katika kisiwa cha jirani. Dume ni mkali kupita kiasi. Akitiwa katika tangi dogo la vioo, kama wafanyavyo wafugaji wa Ulaya, huweza kuwasumbua wenziwe hata wakafa, nami naona hiyo ni dhuluma ya tangi kuliko ya samaki.

Uzazi wake ni jambo la ajabu zaidi. Jike na dume huzungukana juu ya jiwe, jike akataga mayai machache, akageuka upesi na kuyaokota kinywani kabla hayajarutubishwa. Kisha huona katika pezi la dume, lile la chini karibu na mkia, doa la manjano lililo mfano wa yai, akalikimbilia kulidonoa, na hapo ndipo anapopokea mbegu ya dume kinywani mwake. Baada ya hayo huyahifadhi mayai, na vifaranga vikishaanguliwa, kwa muda wa majuma matatu hivi, asile kitu cha maana.

Sasa turudi kwa mtu wa Uvira. Katika miamba ya kwao yumo Julidochromis ornatus, mwembamba, wa manjano, mwenye milia myeusi ya urefu, na kwa sura anafanana mno na jike wa Malawi. Mtaalamu wa samaki Boulenger wa London aliwaeleza wote wawili kwa mara ya kwanza, huyu wa Malawi mwaka 1897 na yule wa Tanganyika mwaka 1898. Hata hivyo tabia zao ziko mbali: yule wa Tanganyika hutaga ndani ya ufa wa jiwe, na jike na dume hulinda pamoja. Mwaka 1993 Thomas Kocher na wenzake walipochunguza nasaba ya samaki hao, ilidhihirika kwamba samaki wa Malawi ni jamaa wa karibu zaidi wa samaki wengine wa Malawi, hata wale wasio na mlia hata mmoja, kuliko huyo wa Tanganyika aliyevaa kama wao. Vazi lilishonwa mara mbili, kila ziwa na fundi wake.

Lilishonwaje? Mwaka 2018 wataalamu wa Konstanz, Ujerumani, walionyesha kuwa jeni iitwayo agrp2 huizuia milia ya urefu isitokee; ikifanya kazi kwa nguvu, milia haionekani, ikilegea, milia hujitokeza, na alama ya kazi hiyo waliiona katika samaki wa Viktoria, Malawi na Tanganyika. Ili kuthibitisha, walimtwaa samaki wa Ziwa Viktoria aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, Pundamilia nyererei, ambaye kwa asili hana milia ya urefu, wakaiharibu jeni hiyo ndani yake. Naye akaota milia hiyo ubavuni.