Tovuti Yako Inapoonyesha Taarifa za Zamani

Wenye biashara ndogo, nyumba za wageni na shule wengi huendesha tovuti zao kwa programu kama WordPress au Drupal. Hutokea mwenye tovuti akabadilisha bei, lakini wateja wakaendelea kuona ile ya zamani. Kabla ya kumlipa fundi kwa mara ya pili, tunakushauri utafute kwanza chanzo.

Kwa nini hutokea?

Ili kurasa zifunguke upesi, nakala zake huhifadhiwa kwa muda mahali patatu: kwenye kivinjari cha msomaji, kwenye seva ya tovuti, na kwenye proksi, yaani seva ya kati inayopokea maombi ya wasomaji kabla hayajaifikia tovuti. Nakala hizo huitwa kache. Badiliko halitaonekana mpaka nakala ya zamani ifutwe au muda wake uishe.

Hatua za kuchukua

1. Fungua ukurasa katika dirisha fiche. Ukiona taarifa mpya, futa kache ya kivinjari chako.
2. Ukiona bado za zamani, ingia kama msimamizi ufute kache ya tovuti.
3. Hali isipobadilika, mtake mtoa huduma asafishe kache ya proksi.

Kivinjari kikikueleza kuwa ukurasa unaelekezwa upya mara nyingi mno, huenda proksi inawasiliana na seva kwa njia isiyo salama, nayo seva inamrudisha msomaji kwenye HTTPS bila kikomo. Hilo hurekebishwa kwenye mipangilio; halihitaji tovuti mpya.

Kabla ya kusasisha programu

Weka nakala rudufu ya mafaili pamoja na hifadhidata. Moja bila nyingine haitoshi. Usasishaji wa WordPress ukikatika njiani, tovuti yaweza kubaki na tangazo la matengenezo. Subiri dakika 10, kwani baada ya muda huo programu hulipuuza faili la tangazo hilo. Kisha hakikisha kuwa usasishaji ulikamilika.

Linda haki yako

Jina la kikoa lisajiliwe kwa jina lako, si la fundi. Nenosiri la msimamizi uwe nalo mwenyewe. Mkataba utaje nani anasasisha programu na nani anatunza nakala rudufu. Asiye na vitu hivyo hawezi kumbadilisha fundi bila hatari ya kuipoteza tovuti yake.

Malalamiko yawasilishwe kwanza kwa mtoa huduma, kwa maandishi. Yasipotatuliwa, tuletee pamoja na nakala ya mkataba na picha za skrini zenye tarehe.