Wema Usiodai: Mila ya Watu wa Umwe

Umwe ni kata ya Rufiji, jirani na Ikwiriri, kwenye barabara kuu iendayo Kusini. Wandengereko wa huko wanaishi kwenye ardhi ya juu na kulima bondeni mwa Mto Rufiji, hasa tangu Operesheni Rufiji ilipowahamisha watu kutoka bondeni baada ya mafuriko ya 1968. Mto ukifurika kwa kiasi huacha rutuba, na maji yakipungua watu hupanda mazao ya mlau. Ukizidi, husomba mpunga wa tajiri na wa maskini pamoja.

Katika maisha ya namna hiyo, kusaidiana kuna sura mbili. Ya kwanza ni ujirani. Mwezi wa Ramadhani mtoto hutumwa na sahani ya futari iliyofunikwa kawa, na desturi ni sahani isirudi tupu. Msimu wa mpunga, aliye juu ya dungu, kibanda cha kulindia shamba, akiona nguruwe wameingia shamba la mwenzake hupiga kelele na debe, kwa kuwa kesho wataingia lake. Huko ni kupeana zamu, na ni jambo jema.

Sura ya pili ndiyo kipimo cha utu, nayo huonekana msibani. Habari ya kifo ikifika, wanaume huchukua majembe na kwenda makaburini. Mmoja akichoka, mwingine humpokea jembe kabla hajaombwa, mpaka mwanandani, sehemu ya kulaza maiti kaburini, ukamilike. Huko nyumbani wanawake wameshateka maji na kuinjika vyungu. Aliyezikwa hawezi kulipa, na mara nyingine ni mgeni asiye na ndugu karibu. Dini imelifanya jambo hilo kuwa faradhi ya kutosheleza: wakilitimiza baadhi, wengine huondokewa na wajibu. Mila imelifanya kuwa aibu kubaki nyumbani.

Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyozamisha mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti, yalikumbusha thamani ya malezi hayo. Aliyepoteza kila kitu anahitaji mtu wa kumwambia "karibu ndani" kabla ya kumuuliza ni wa ukoo gani.

Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Vijana wetu siku hizi huandika michango ya misiba kwenye daftari, nani katoa na nani hakutoa. Daftari lina kazi yake kwenye hesabu za fedha. Lisitumike kuamua maiti ya nani tukaichimbie kaburi.